Bahari ngeni

Nilikuwa kwenye foleni ya benki, simu mkononi, nikipitisha picha za kurasa za vitabu vya kale vya Uingereza kama wenzangu wanavyopitisha picha za harusi. Nikaangukia ukurasa wa kwanza wa kijitabu kilichochapwa London, karibu na mwaka 1554. Herufi nyeusi, nzito, zimebanana. Ukurasa unamwambia mnunuzi kwamba hiki ni kitabu cha nne cha Virgil, mshairi wa Roma ya kale, habari za mapenzi ya shujaa Enea na malkia Dido, kimeletwa kwa Kiingereza na marehemu Henry, Earl wa Surrey, naye amekitia katika "bahari ngeni", bahari kwa maana ya kipimo cha shairi. Halafu, kama vile mchapaji kashtuka kwamba ametisha wateja, yanafuata maneno ya kupigia debe: kinastahili kukumbatiwa.

"Baba, zamu yako hiyo," mama wa nyuma yangu akanigusa bega.

Nilimaliza shida yangu benki, lakini ile bahari ngeni ikanikaa kichwani kwa wiki kadhaa.

Ugeni wake ulikuwa mmoja. Mistari haikuwa na vina.

## Aliyevijua vina kuliko wote

Kwetu shairi la namna hiyo lina jina lake, nalo si jina la sifa. Linaitwa guni. Mimi nimelelewa na watu waliokuwa wakihesabu mizani kwa vidole huku shairi likisomwa redioni, na vidole vikigoma mahali, mtunzi amekwisha. Kwa hiyo dhana yangu ya kwanza ilikuwa ya kawaida kabisa: huyu bwana vina vilimshinda.

Dhana hiyo haikufika mbali. Surrey ndiye aliyeipa soneti ya Kiingereza mpangilio wake wa vina, ule ambao Shakespeare aliutumia baadaye na ambao leo unaitwa kwa jina la Shakespeare. Beti tatu za mistari minne, vina vikipishana, kisha mistari miwili ya kufunga. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia hajui kupanga vina.

Na mbele yake alikuwa na mfano wa Virgil mwenye vina. Gavin Douglas, kasisi Mskoti ambaye baadaye alikuwa askofu, alimaliza kuitafsiri Eneidi nzima, shairi refu la Virgil kuhusu Enea, mwaka 1513, mistari ikienda miwili miwili yenye kina kimoja. Kazi hiyo haikuchapwa hadi 1553, wakati Surrey yuko kaburini, lakini ilizunguka kwa maandishi ya mkono, na alama za vidole vya Douglas zimejaa katika mistari ya Surrey. Aliisoma kwa makini na akaazima maneno humo. Vina akaviacha.

(Douglas mwenyewe alikuwa na ulimi. Mchapaji William Caxton alikuwa ametoa habari za Enea mwaka 1490, akizitoa kwenye kitabu cha Kifaransa. Douglas akasema kitabu hicho kinafanana na Virgil kama shetani anavyofanana na Mtakatifu Augustino. Hakuna mhakiki wa siku hizi anayenipa raha hiyo.)

Tazama mstari mmoja tu, wa kwanza wa kitabu cha pili. Karamu imekwisha, malkia Dido amemwomba mgeni wake asimulie jinsi Troya ilivyoanguka. Virgil anatumia maneno matano: *Conticuere omnes, intentique ora tenebant*. Wote walinyamaza, nyuso zimetulia kwa usikivu. Douglas anahitaji mistari miwili. Wote walikoma kwa pamoja, papo hapo, anasema, midomo imefungwa na nyuso zimetega. Hilo "papo hapo" halimo kwa Virgil. Limeitwa na kina. Lilipaswa kukaa mwishoni mwa mstari ili mstari unaofuata upate mwenzake.

Surrey anamaliza kwa mstari mmoja wa silabi 10: wote walinyamaza, nyuso zimekazwa kusikiliza. Basi. Anaenda zake.

Virgil hakuwa na vina, wala Homer wa Wagiriki, na Waitaliano wa zama za Surrey walikuwa wameanza kuitafsiri Eneidi kwa mistari isiyo na vina. Surrey alifuata mlango huohuo. Alitafsiri vitabu viwili, cha pili na cha nne. Januari 1547 akakatwa kichwa kwa kosa la uhaini, kwa kutumia katika ngao yake alama za kifalme ambazo washtaki walisema si haki yake. Alikuwa na miaka 30 hivi. Mfalme Henry VIII, aliyeidhinisha hukumu hiyo, akafa siku tisa baadaye.

## Daktari wa msituni

Hapo nikatarajia hadithi inyooke: mtu kafungua njia, wenzake wakamfuata. Ndivyo vitabu vya shule vinavyopenda kusimulia.

Haikuwa hivyo.

Virgil aliyesomwa na Waingereza kwa miaka mingi iliyofuata alikuwa wa Thomas Phaer. Huyu alikuwa mwanasheria, kisha daktari, akiishi Cilgerran huko Wales, karibu na msitu. Aliandika kitabu kuhusu magonjwa ya watoto, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha aina hiyo kwa Kiingereza. Alipokuwa hana wagonjwa, nadhani, alikuwa na Virgil. Mwishoni mwa kila kitabu aliandika amekimaliza lini na kimemchukua siku ngapi, kama fundi anayeandika hesabu ukutani. Vitabu saba vya kwanza vilichapwa 1558. Alikuwa kwenye cha kumi alipoumia mkono wa kulia, na barua ya kupeleka mistari yake ya mwisho ikaandikwa kwa mkono wa kushoto. Akafa 1560. Daktari mwingine, Thomas Twyne, akamalizia.

Phaer alitumia vina, tena kwa mistari mirefu ya silabi 14, bahari ambayo watu waliizoea kwenye nyimbo na zaburi. Ukiisoma kwa sauti inakwenda kama mtu anayetembea na mzigo begani: hatua nane, pumzi, hatua sita, kina. Virgil hapo ndani anapata maneno mengi ya kujazia, maana Kilatini kimebanwa na silabi 14 ni nyingi.

Kwa wiki nzima nilimdharau Phaer. Kisha nikasoma alichosema kuhusu sababu ya kufanya kazi ile. Alitaka kuitetea lugha ya nchi yake, ambayo alikuwa amesikia wengi wakiisema vibaya na wengine wakiiona zaidi ya lugha ya kishenzi.

Hapo nikanyamaza kidogo. Ni mara ngapi tumeambiwa Kiswahili hakiwezi kubeba jambo fulani? Phaer hakujibu kwa hotuba. Alichukua shairi lililoheshimiwa kuliko yote Ulaya, akalitia katika bahari ambayo muuza samaki angeitambua, akasema haya, someni. Surrey aliwaandikia watu waliokwisha kumjua Virgil kwa Kilatini. Phaer aliwaandikia na wale ambao wasingemjua kamwe.

Sijui kama ningekuwa na moyo wa kumwambia Phaer ataje kosa lake.

## Vina ni vya washenzi

Sehemu hii ndiyo iliyonichekesha, kisha ikanitia wasiwasi.

Roger Ascham, aliyekuwa mwalimu wa malkia Elizabeth, aliacha kitabu kuhusu ualimu kilichochapwa 1570, baada ya kifo chake. Humo anasema vina ni uchafu ulioletwa Italia na Wagothi na Wahun, washenzi walioiharibu kazi nzuri ya Wagiriki na Warumi. Mtu mwenye elimu, kwake, angeona aibu kutunga kwa vina. Anamsifu Surrey kwa kuviacha, lakini hakuridhika naye, kwa sababu mistari ya Surrey haikufuata kipimo cha Kilatini chenyewe.

Nilimtumia mzee mmoja rafiki yangu wa Tanga, mtunzi wa mashairi ya zamani, ujumbe wa sauti kumweleza habari hiyo. Akajibu kwa ujumbe wa sauti pia, ananguruma: "Mwanangu, kwa hiyo sisi wote ni Wahun?"

Sasa, kipimo cha Kilatini hakihesabu silabi. Kinapima urefu wake: hii ndefu, hizi mbili fupi. Wanaojua arudhi ya Kiarabu watanielewa haraka kuliko Mwingereza, maana ni kitu cha jamii hiyohiyo. Na hapa pwani yetu ina la kusema. Sayyid Aidarus alipoifasiri Hamziya, kasida ya al-Busiri ya kumsifu Mtume, mstari wa Kiswahili chini ya mstari wa Kiarabu, alikuwa na arudhi mbele ya macho yake ukurasa hadi ukurasa. Ushairi wa Kiswahili haukuibeba. Maneno, majina, dua na heshima vilivuka. Kile kipimo cha silabi ndefu na fupi kilibaki ng'ambo, na washairi wa pwani wakaendelea kuhesabu mizani.

Uingereza walijaribu kukibeba. Richard Stanyhurst, mzaliwa wa Dublin, alichapa vitabu vinne vya kwanza vya Virgil huko Leiden mwaka 1582, akilazimisha Kiingereza kifuate urefu wa silabi za Kilatini. Akajiwekea kanuni zake mwenyewe za silabi ipi ni ndefu, na pale lugha ilipogoma akaisukuma kwa tahajia. Dhoruba zake zinapiga ngurumo kwa maneno ya kubuni, mapigo na mivumo, hadi msomaji anatafuta pa kujificha. Mwandishi Thomas Nashe alimcheka hadharani, na vizazi vilivyofuata vikaendelea kumcheka.

Mimi nacheka, lakini si sana. Stanyhurst ndiye pekee kati yao aliyejaribu kuleta kile ambacho sikio la Mrumi lilisikia. Wengine wote walileta kilichosemwa. Kwamba lugha yake haikuwa na mahali pa kukiweka ni bahati mbaya yake, na mtu hapimi bahari kabla ya kuingia.

## Vibwengo vya Golding

Nisipite bila kumtaja Arthur Golding, maana ndiye aliyeniharibia mpango wa kuandika makala fupi.

Golding alikuwa Mprotestanti mkali, mfasiri wa mwanateolojia Calvin. Mtu huyohuyo akatafsiri *Metamorphoses* ya Ovid, mshairi mwingine wa Roma, kitabu kilichojaa miungu inayofukuza wasichana, akaichapa yote mwaka 1567, kwa silabi 14 na vina, kama Phaer. Mbele akaweka utangulizi mrefu wa mashairi kueleza mafunzo mema yaliyomo. Kila nikiusoma namwona akijifuta jasho.

Katika kitabu cha saba, Medea mchawi anaita nguvu za usiku. Ovid anataja upepo, milima, mito, maziwa, miungu yote ya misitu na miungu yote ya usiku. Golding hakuweka miungu. Aliweka vibwengo, wale viumbe wadogo ambao bibi wa kijiji cha Essex angekuambia amewaona nyuma ya zizi: vibwengo vya vilima, vya vijito, vya misitu.

Shakespeare alipomwandikia mchawi Prospero hotuba ya kuaga uchawi katika *The Tempest*, alianza na vibwengo walewale, vilima vilevile, vijito vilevile. Kilatini alikijua kiasi, na hotuba hiyo inaonyesha alikitazama pia. Lakini vibwengo ni vya Golding.

Mfasiri mwaminifu zaidi asingetupatia hotuba hiyo kama ilivyo. Sitaki kutoa kanuni hapo, kwa sababu kanuni hiyo ingemhalalisha kila mvivu.

## Nikajaribu mwenyewe

Kuwasema watu ni rahisi. Nikachukua mistari sita ya kwanza ya kitabu cha pili, mahali pale wanaponyamaza, nikaitia kwenye utenzi:

*Wote wakajinyamia,*
*macho wakamkazia,*
*Enea akaanzia*
*toka juu kitandani.*

*Malkia, wanambia*
*msiba kuurudia,*
*ulimi waukimbia,*
*wauchimbua moyoni.*

Mizani imetimia, ihesabu. Lakini mwangalie shujaa wangu. Warumi walikula wakiwa wameegemea makochi, na mimi kwa sababu ya kina cha *-ni* nimemlaza Enea kitandani kama mgonjwa wa Muhimbili. Kisha "moyoni" imekuja yenyewe, hakuna aliyeialika. Virgil hakusema moyo.

Halafu nikaacha vina, nikabaki na mizani 12 kila mstari:

*Wote kimya, nyuso zikamwelekea.*
*Ndipo baba Enea, juu ya kochi,*
*akasema: Malkia, wanitaka*
*nifufue msiba usosemeka,*
*namna Wayunani walivyong'oa*
*Troya, ufalme wake wa kilio,*
*niliyoyaona mwenyewe kwa macho*
*na mimi nikiwa sehemu ya hayo.*

Hapa amekaa vizuri zaidi, na yale maneno ya mwisho, kwamba yeye mwenyewe alikuwa sehemu ya msiba anaousimulia, yamepata nafasi. Katika utenzi yangenidai ubeti mzima. (Mistari miwili ya mwisho inakaribia kugongana kwa kina na wa tatu na wa nne umegongana kabisa. Ukizoea vina vinakuja hata ukivifukuza.)

Nikavituma vyote viwili Tanga. Mzee alichukua muda. Jioni akanipigia, akausoma ule utenzi wote kwa kichwa, bila karatasi, na kwa sauti ya kughani ambayo ilifanya hata kitanda kipate heshima.

"Na ule mwingine?" nikauliza.

"Ule nimeuelewa," akasema.

Nikamsubiri aendelee. Hakuendelea.

## Mkono mmoja, bahari mbili

Surrey alisubiri muda mrefu. Bahari yake ngeni iliingia kwenye jukwaa na tamthilia ya *Gorboduc*, iliyochezwa katika msimu wa Krismasi wa 1561 mbele ya wanasheria wa Inner Temple, chama chao huko London. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1580 mtunzi wa tamthilia Christopher Marlowe akaipa ngurumo, naye Shakespeare akaipokea, na ikawa lugha ya wafalme na wauaji jukwaani. Watazamaji hawakuhitaji tena mtu wa kuwatahadharisha.

Bahari hiyohiyo ndiyo iliyofika Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri *Julius Caesar*, toleo la kwanza 1963 na lililosahihishwa 1969, aliwaacha Bruto na Antonio waseme kwa mistari isiyo na vina. *Mabepari wa Venisi* vivyo hivyo, mwaka huohuo wa 1969. Ule ugomvi wetu mkubwa uliozuka baada ya *Kichomi*, diwani ya Kezilahabi ya 1974, kama shairi bila vina ni shairi au ni gazeti, ulikuta rais wa nchi amekwisha kuchapa kurasa na kurasa za mistari isiyo na vina, na sikumbuki kusikia mtu akimwita mwasi wa ushairi.

Na Mwalimu huyohuyo, alipozitafsiri Enjili katika miaka yake ya mwisho, alizitia katika tenzi. Zilichapwa 1996. Vina kamili, mizani kamili, mwana wa Butiama akipiga hodi kwenye nyumba ya watunzi wa Lamu.

Nimelizungusha jambo hili mara nyingi kichwani. Kwa Kaisari, mistari mitupu. Kwa Yesu, tenzi. Mchezo unasemwa na waigizaji, kila mmoja na hasira yake, na vina vingewafanya wote wasikike kama mtu mmoja. Enjili alitaka ziimbwe, zishikwe na watu kwa moyo, kijijini, bila kitabu. Surrey naye aliweka soneti zake kwenye vina na Virgil nje ya vina, mkono mmoja. Sisi tuliokuwa tukigombana tulitaka mtu achague kambi.

Waingereza nao hawakumaliza. Mshairi Milton aliongeza maelezo mbele ya shairi lake refu *Paradise Lost* mwaka 1668 akiviita vina utumwa wa kisasa. Karibu miaka 30 baadaye, 1697, mshairi John Dryden akatoa Virgil wake mzima, na vina vimerudi, vimepigwa pasi, mistari miwili miwili kama ya Douglas. Mchapishaji wake, Jacob Tonson, alitaka kitabu kitunukiwe mfalme William. Dryden akakataa. Tonson akaagiza pua ya Enea kwenye michoro irefushwe na kupindwa ifanane na ya mfalme.

Mzee wangu alifurahia hadithi hiyo ya pua mpaka akakohoa. Alipotulia akasema huyo Dryden ndiye mtu wake, na nimpelekee kitabu cha nne, kile cha Dido, atakitia utenzi mwenyewe kwa kuwa mimi nimeonyesha sina huruma na wagonjwa. Nikamwambia sawa, yeye abaki na Dryden, mimi nibaki na yule wa kwanza kabisa aliyeacha vina.

"Yule waliyemkata kichwa?"

"Huyohuyo."

"Una hakika kosa lilikuwa la ngao?"